Barua ya Kiingereza na Punje za Mahindi

Kaka yangu alikufa mbali, katika vita kubwa ya wazungu, na habari ya kifo chake ilitufikia kwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya serikali, fupi, ya Kifaransa, yenye muhuri. Ilisema amekufa, basi. Ya pili ilikuwa barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, na kwetu hapakuwa na mtu aliyeweza kuisoma. Ninayoandika hapa ni habari ya hiyo ya pili.

Kwetu ni kijiji kidogo karibu na Lusangi, kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Baba alilima mpunga wetu na pamba ya Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, ile ya lazima. Mama alizaa watoto watano, tukabaki wawili, kaka na mimi. Kaka alikwenda Kasongo kutafuta kazi, na huko akaingia uaskari. Hakutuaga. Baba alipata habari sokoni, wakati kikosi chenyewe kilikuwa kimeshavuka mto siku nyingi.

Kwetu mtu akifa, matanga hayaondolewi mpaka habari ya kifo isimuliwe. Wajomba wa marehemu huja, huketi, huuliza. Aliugua nini? Nani alimshika? Alikula nini mwisho? Nani alimwosha? Amelazwa wapi? Hata kama kila mtu pale anajua majibu, lazima yasemwe mbele yao kwa sauti. Yakishasemwa, mama wa marehemu huinuliwa kutoka kwenye mkeka, hupelekwa mtoni kuoga, hupakwa mafuta, na siku hiyo hiyo anaruhusiwa kushika tena chungu chake. Kabla ya hapo anaketi. Hapiki, haendi shambani, hanyoi, hapaki mafuta.

Mama aliketi. Majirani walituletea ugali, na mimi nilipokuwa nyumbani nilipika, lakini hata moto mama hakuusogelea.

Baba alikuwa ameipeleka barua Kasongo siku ile ile aliyopewa, kwa karani mmoja aliyesifiwa kwa Kifaransa chake. Karani aliishika barua, akaitazama juu na chini, akaanza kusema bila kupumua.

"Mwanenu alikuwa mwanaume kweli. Alipigwa risasi ya kifua akiwa mbele ya wenzake. Wamemzika na bendera. Mkubwa wao mwenyewe alilia."

Baba alirudi na habari hiyo, akaisimulia kila alipopumzika njiani. Ninajua iliuma, lakini ilimpa pia kitu cha kushika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alikunywa maji kabla ya kufa?"

Baba hakujua.

"Nani alimwosha?"

Baba hakujua. Kaka yake mama, yaani mjomba wetu, ambaye ndiye angepokea habari hiyo kwa niaba ya ukoo wake, alisema hatapokea habari yenye mifupa tu. Alimwambia baba waende Kasongo pamoja. Wakaenda. Karani hakukumbuka tena alichosema mara ya kwanza. Aliishika barua, akaitazama juu na chini.

"Risasi ilimpata kichwani," alisema. "Akafa papo hapo, hakuteseka."

"Mara ya kwanza ilikuwa kifuani," mjomba alisema. "Risasi imepanda?"

Karani alikasirika, akawaambia karatasi za wazungu si mchezo wa washamba, akawafungia mlango. Usiku huo walilala kwa Mwislamu mmoja mzee mwenye duka la nguo, mtu aliyekuwa amefika Ujiji na Kigoma zaidi ya mara moja. Baba alimwonyesha barua. Yule mzee aliisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Ndugu yangu, hii si Kifaransa. Maneno ya namna hii ninayaona kwenye marobota yanayotoka Kigoma. Ni Kiingereza. Kukisoma sijui, ila ninakijua kwa sura."

"Na karani?"

"Karani naye hajui. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimekuambia."

Waliporudi na maneno hayo, mama aliomba apewe barua. Aliikunja ndani ya kitambaa, akaitia katika kopo la bati, akaliweka chini ya kichwa cha mkeka wake.

"Haitasomwa tena na mtu wa mshahara," alisema. "Wala na mgeni. Atakayeisoma ni mtu niliyemzaa mimi."

Watu wote waliokuwa ndani walinitazama. Hapakuwa na mwingine wa kutazamwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita hivi. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwa Waprotestanti: kusoma Kiswahili, kushona, nyimbo, hesabu kidogo. Wakati huo nilikuwa nikifua bendeji katika zahanati ya misheni upande wa Kabambare, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Neno hata moja la Kiingereza sikulijua.

Zahanati ile iliongozwa na mwanamke Mwingereza, mwuguzi, tuliyemwita Bibi. Serikali ilitaka Kifaransa, na Kifaransa ndicho kilichofundishwa shuleni. Lakini dawa za Bibi zilitoka kwao, zikipitia Kigoma, na maandishi ya chupa na makasha yote yalikuwa ya Kiingereza. Kwa sababu hiyo alikuwa na kalasi ndogo, darasa la Kiingereza la wauguzi wake wanne, wanaume wote, barazani, mgonjwa wa mwisho akishaondoka. Nilimwendea nikiwa bado na povu mikononi, nikamweleza.

"Niletee hiyo barua," alisema mara moja. "Nitaisoma leo leo, utamwambia mama yako."

Nilimwambia maneno ya mama. Nilifikiri atacheka au atakasirika. Alitazama ukuta.

"Atakaa kwenye mkeka mpaka lini?"

"Mpaka nisome, Bibi."

"Basi leo jioni uje na kiti."

Nilienda na kiti. Mkubwa wa wauguzi, mtu mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kila siku, alinitazama kuanzia miguuni.

"Ee! Siku hizi bendeji nazo zinajifunza Kiingereza?"

"Zinajifunza," Bibi alimjibu. "Sogea."

Majuma ya kwanza tulijifunza majina ya vitu. Bibi alikata vipande vya karatasi, akaandika, akavibandika kwa utomvu juu ya kila kitu: mlango, ndoo, sabuni, kijiko, kitanda, kikombe, maji. Sijui nani alitaka kuona maji yamebandikwa karatasi, lakini mtungi wa maji ulikuwa nayo. Nilipofua niliyasema majina. Nilipoanika niliyasema. Baada ya mwezi ningeweza kutembea chumba kizima cha wagonjwa na kuita kila kitu nilichokiona, na wagonjwa walianza kunijaribu. "Na hii?" "Na hii?" Mgonjwa mmoja, mwanamke mzee, alivua kilemba chake, akanionyesha upara wake. "Na hii, mama, wanaiitaje?" Nilimwambia sijui. "Afadhali," alisema, akakivaa tena.

Kisha likaja lililokuwa gumu zaidi, maneno ya kuyaita maneno. Bibi alisema hatutafika mbali kwa kujua majina ya vitu tu, kwa sababu mtu hasemi "ndoo, mlango, sabuni" na kueleweka. Alisema kila neno lina kazi yake, kama watu wa nyumba moja, na lazima tuijue kazi ya neno hata kabla ya kujua maana yake. Kuna neno la jina. Kuna neno la tendo. Kuna neno la sifa, linalokaa karibu na jina na kutueleza likoje. Na kuna maneno madogo madogo yasiyobeba mzigo mkubwa, lakini yakiondoka nyumba inaanguka.

Wauguzi walikuwa wakiyaimba haya zamani, kwa kichwa. Bibi alipouliza maana yake, walibishana.

"Kulala ni tendo?" mmoja aliuliza. "Mtu aliyelala hafanyi kitu."

"Kwako ni tendo," mwenzake alisema. "Tena ndilo tendo lako la pekee."

Tulicheka. Mimi nilikuwa nimekaa juma zima bila kuuliza swali, na siku hiyo lilinitoka.

"Bibi, na kufa? Kufa ni neno la tendo?"

Bibi aliweka chaki chini.

"Ndiyo," alisema. "Ni neno la tendo. Katika lugha, anayekufa ndiye anayetenda."

Nililichukua jibu hilo mpaka chumbani kwangu. Mpaka siku hiyo, kila nilipomfikiria kaka, nilimwona kama mtu aliyetendwa, aliyechukuliwa, aliyeandikwa, aliyezikwa. Lakini kama kufa ni tendo, basi alikuwapo mpaka mwisho, naye mwenyewe alilitenda. Sijui kama hiyo ni elimu sahihi. Ilinisaidia kulala.

Siku nyingine Bibi alitusimamisha mstarini, kila mtu akawa neno. Mkubwa wa wauguzi alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa tendo la kunywa, mimi nilikuwa dawa. Tukisimama hivyo, mgonjwa anakunywa dawa. Bibi akanibadilisha na yule mkubwa, nikasimama mbele yeye nyuma, na dawa ikawa inamnywa mgonjwa. "Mmeona?" alisema. "Hamkubadilika ninyi. Mahali pamebadilika." Ndipo nilipoelewa kitu ambacho kilikuwa kikinisumbua. Katika lugha yetu neno moja linabeba wote mgongoni: nani, lini, na tendo lenyewe. Useme "alikunywa", umeshamaliza. Kwao hakuna anayebebwa. Kila mmoja anatembea kwa miguu yake, na kwa hiyo ni lazima wafuatane vizuri njiani.

Kulikuwa na desturi moja katika kalasi ile ambayo sijaiona pengine. Tulipopewa ukurasa wa kusoma, kila mtu alikuwa na punje za mahindi ndani ya kopo. "Usiruke neno usilolijua," Bibi alisema, "wala usilibunie maana. Weka punje juu yake, uendelee. Mwisho tutaziokota pamoja." Mimi nilimwaga mahindi kama napanda shamba. Wanaume waliona haya. Mkubwa wa wauguzi ukurasa wake ulikuwa mweupe daima, hauna punje hata moja, mpaka Bibi alipoweka kidole juu ya neno moja, akamwuliza maana, akakwama. Akaweka kidole juu ya lingine, akakwama tena.

"Si kosa lake, Bibi," mmoja wao alisema. "Kuku wamepita kwenye kitabu chake."

Toka siku hiyo hata yeye alikuja na mahindi.

Mpunga ulipovunwa nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilikuta mama amekonda, nywele zimejikunja zimekuwa kahawia kwa vumbi. Nilimwomba barua niinakili. Nilikaa siku mbili nikiifuata herufi kwa herufi ndani ya daftari langu, na mama akinitazama mkono.

"Unasoma sasa?"

"Hapana, Mama. Ninachora tu."

"Chora vizuri basi. Usimwache hata kidole."

Niliporudi misheni nilifungua daftari, nikachukua kopo la mahindi. Maneno niliyoyajua niliyaacha wazi. Mengine niliyafunika. Karibu karatasi yote ikawa mahindi. Lakini hata hivyo niliona mambo mawili. Niliona kwamba matendo karibu yote yalikuwa ya wakati uliopita, maana ishara yake nilikwisha kuijua. Na niliona neno la mama. Lilikuwamo mara tatu. Nilivihesabu tena vituo hivyo vitatu kwa kidole kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Nitasema na hili kwa sababu ni kweli. Kuna maneno ya barua ile niliyoyapeleka kwa Bibi mojamoja, nikiyachanganya na maneno ya chupa, kana kwamba nimeyaona dukani. Sikusema uongo, lakini nilificha. Baada ya mara kadhaa alinitazama.

"Hili la leo halitoki kwenye chupa."

"Halitoki, Bibi."

"Nitakupa maana ya neno lolote utakalouliza. Ukurasa sitautazama." Na kwa kweli hata siku moja hakuutazama, ingawa daftari lilikuwa mezani mbele yake.

Punje zikapungua. Msimu wa pili wa mpunga ulipokaribia, zilibaki za hapa na pale tu. Katikati ya ukurasa wa kwanza palikuwa na neno refu la herufi tisa ambalo sikuwahi kuliuliza, kwa sababu nililifikiria kuwa jina la mji. Siku moja Bibi alinituma stoo kupanga makasha. Nikalikuta. Lilikuwa kwenye kasha la kahawia, limeandikwa kwa herufi nyeusi, herufi tisa zile zile. Sikuwa na daftari, lakini mkono wangu ulilijua, ulikuwa umelichora. Niliita mmoja wa wauguzi.

"Hili kasha ni la nini?"

"Hilo? La kuhara damu."

Nilikaa chini, katikati ya makasha. Kwa hiyo hapakuwa na risasi. Si kifuani, si kichwani. Kaka yangu alikufa kwa tumbo, kitandani, kama watoto wadogo waliokuwa wakiletwa pale kwetu kila masika, na mimi ndiye niliyefua vitambaa vyao.

Nililia, kisha nikafikiri juu ya baba. Baba alikuwa ameshikilia ile bendera ya karani na yule mkubwa aliyelia. Hata baada ya kujua kwamba karani alidanganya, alibaki nayo moyoni, kwa sababu hakuwa amepewa kingine. Nikawaza jambo baya. Nikawaza kwamba siku ya kusoma, nikifika pale, nitaweka punje. Nitasema neno hili silijui. Hakuna atakayegundua. Nilitembea na wazo hilo majuma mawili. Mahindi yalikuwa ya kuonyesha usilolijua, na mimi nilitaka kuyatumia kufunika ninalolijua. Karani alijaza palipo tupu, nami ningetia shimo palipojaa. Sikuona tofauti kubwa kati yetu.

Siku niliyokwenda nyumbani, zilikuwa zimebaki punje nne. Nne hizo hata Bibi sikuweza kumwuliza. Mwandiko ulikuwa umejipinda, au mimi nilikuwa nimechora vibaya, kwa hiyo hakutoka neno la kueleweka. Bibi alinishika bega.

"Ukikwama utasema nini?"

"Nitasema sijui."

"Nenda."

Mjomba alikuja na ndugu wawili wa ukoo wa mama. Walikalishwa upande wa mlango, baba akakaa upande wa pili, na majirani walijaa mpaka nje. Mama alikuwa kwenye mkeka wake. Alilitoa kopo, akafungua kitambaa, akanipa barua yenyewe. Nikaitandaza juu ya ubao wa kusukia mkeka, nikaweka punje zangu nne mahali pake.

"Hayo mahindi ni dawa?" ndugu mmoja aliuliza.

"Ni alama, Mjomba. Chini ya kila punje kuna neno nisilolijua."

"Nisilolijua!" Akamgeukia mjomba mkubwa. "Tumetembea siku nzima kuja kusikiliza asichokijua? Yule wa Kasongo alisoma kama mvua."

"Mwache mwipwa wangu asome," mjomba alisema.

Nilisoma kwanza Kiingereza chenyewe, sentensi moja, kisha nikaisema kwa lugha yetu.

"Kwa mama wa askari huyu. Mimi ni mwuguzi. Nilikuwa na mwanao siku kumi na moja. Aliletwa kwetu akiwa..." Nikafika punje ya kwanza. "Hapa sijui."

Nikaiacha punje, nikaendelea.

"Hakuwa na jeraha. Alikuwa na ugonjwa wa kuhara damu."

Nilimsikia baba akivuta pumzi. Sikuinua macho.

"Hakuna risasi?" mjomba aliuliza.

"Hakuna, Mjomba."

"Wala ya kichwa?"

"Wala ya kichwa. Wala bendera haimo."

Baba aliinamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Endelea, mama." Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo.

"Askari mmoja wa kwao alijua Kiingereza kidogo, akatusaidia kuongea. Mwanao alinieleza kwamba ana mama, na ana dada mmoja."

Hapo sauti ilikatika. Neno lile la dada nilikuwa nimelijua miezi mingi, nalo halikuwa na punje, lakini kulisema mbele za watu ilikuwa kitu kingine. Walingoja. Hakuna aliyenihimiza.

"Kila alipomaliza kunywa alikigeuza kikombe, mdomo chini. Mwanzoni nilidhani hataki tena. Askari mwenzake akaniambia kwamba kwao..." Punje ya pili. "Hapa sijui. Sasa wagonjwa wote wa chumba kile wanageuza vikombe vyao, na mimi pia."

Mama alitoa sauti. Nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka, mkono juu ya mdomo, machozi yakimtiririka juu ya vidole. Katika nyumba yetu kikombe hakikuachwa wazi kamwe. Mama alisema kinaita mijusi.

"Nilimpiga kwa ajili ya kikombe hicho!" alisema. "Nilimpiga mara ngapi! Huyo ni wangu. Mumesikia? Huyo ndiye wangu!"

Nikaendelea mpaka mwisho. Mwisho alikula uji wa mchele wenye sukari, vijiko viwili. Alikufa asubuhi, na mwuguzi yule alikuwa amemshika mkono. Askari wawili wa kwao ndio waliomwosha. Amelazwa makaburini penye hospitali, upande wa, hapa sijui, karibu na ukuta. Punje ya nne ilikuwa katika maneno ya kuaga.

Mjomba aliinama, akazitazama punje. Kisha akasema, "Soma tena. Toka mwanzo."

Nilijua anachofanya. Ndivyo alivyomfanyia karani. Nikasoma tena toka mwanzo, bila haraka. Nilipokwama, nilikwama. Nilipomaliza, mjomba aliwageukia ndugu zake.

"Yule wa Kasongo hakukwama hata mara moja," alisema, "na kila mara alituletea maiti mwingine. Huyu amekwama mahali pane, na mara zote mbili ni pale pale. Mumeona?" Akanitazama mimi. "Swali moja. Kichwa chake wamekielekeza wapi?"

"Barua haisemi, Mjomba."

"Haisemi." Alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea kitu kizito mkononi akakiona ni kamili. "Basi. Tumepokea. Muinueni dada yangu."

Vigelegele vilianzia nje, kwa wanawake ambao hawakuwa hata wamesikia vizuri, vikaingia ndani. Walimshika mama kwapani, wakamwinua. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, alisimama kama ndama. Walinitaka na mimi nimshike, nikamshika. Tulikwenda mtoni kundi zima, wakiimba, mmoja akicheza mbele na kopo tupu la bati kichwani. Walimwosha, wakamnyoa, wakampaka mawese mpaka akang'aa. Alipopita mbele ya nyumba za watu wakati wa kurudi, aliwasalimu wote kwa sauti, mmoja mmoja, kama mtu aliyerudi safari.

Ni miaka mingi sasa. Kiingereza changu hakikuenda mbali zaidi ya chupa za dawa na barua ile. Maneno mawili kati ya yale manne nilikuja kuyajua baadaye, mawili bado. Baba amekwenda, mjomba amekwenda, mama naye ninamlilia mpaka leo. Kifo chake nilikisimulia mimi, maana nilikuwapo, na niliulizwa yote nikayajibu.

Lakini jioni ile hakuna aliyekuwa akilia. Mama alikataa kukaa. Alimnyang'anya jirani mchi, akatwanga sombe, majani ya muhogo, mwenyewe, akapuliza moto mwenyewe, akamfukuza kila aliyetaka kumsaidia. "Tokeni! Nimekaa vya kutosha!" Wajomba walikaribishwa kwanza, kisha baba, kisha sisi. Sombe ilikuwa na chumvi nyingi mno. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kupika na kipimo kilikuwa kimemtoka mkononi. Sote tuliisikia mdomoni, tukatazamana, hakuna aliyesema. Mjomba aliimaliza yake, akasukuma sahani mbele ya dada yake, akaomba aongezwe.